Pensheni na Haraka ya Watunga Sheria: Somo la Kongo, 1956–2018

Pensheni ni ahadi inayoishi kuliko bunge lolote. Mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Bangboka, nje kidogo ya Kisangani, akianza kukatwa mshahara akiwa na umri wa miaka 25, hatarajii kuona matunda ya mchango wake ila baada ya miongo mitatu au zaidi. Katika muda huo wabunge huwa wamebadilika mara nyingi. Kwa hiyo yafaa kuuliza: katika historia ya Kongo, sheria za namna hiyo zilitungwa kwa mwendo gani, na ni nani aliyesikilizwa?

Sheria ya kwanza ya pensheni za wafanyakazi Wakongo ilikuwa amri ya tarehe 6 Juni 1956. Ilitoka Ubelgiji, wakati ambapo Wakongo walikuwa bado hawajapiga kura hata ya manispaa. Baada ya uhuru, amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha mifuko mitatu iliyorithiwa kwa wakoloni, yaani wa pensheni, wa ulemavu na wa posho za familia, ikaunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (INSS). Siku hizo Bunge lilikuwa halikutani, na Kisangani, iliyoitwa bado Stanleyville, ilikuwa makao ya serikali ya Antoine Gizenga iliyoshindana na ile ya Léopoldville. Wabunge walikutana tena Lovanium mwezi uliofuata. Sheria zote mbili za msingi, basi, zilizaliwa bila mjadala wa wawakilishi wa wananchi.

Sheria iliyotungwa bila mjadala ilikosa watetezi ilipozeeka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Michango ya maisha mazima iliyeyuka. Hata hivyo, mfumo wa 1961 ulidumu hadi Sheria Na. 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Wafanyakazi walingoja miaka 55.

Wakubwa hawakungoja hivyo. Sheria Na. 18/021, inayohusu marais wa zamani waliochaguliwa na wakuu wa zamani wa taasisi za dola, ilipitishwa katika kikao maalumu cha Bunge na kutiwa sahihi tarehe 26 Julai 2018, siku moja tu baada ya kuanza kupokewa kwa majina ya wagombea urais. Ilitoa pensheni maalumu, makazi, ulinzi na kinga. Wapinzani walilalamika kwamba vazi hilo lilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, Joseph Kabila, ambaye muhula wake ulikuwa umekwisha Desemba 2016. Aidha, Seneti iliyoipigia kura ilichaguliwa mwaka 2007 kwa muhula wa miaka mitano.

Watetezi wa sheria hiyo hawakukosa hoja. Rais asiyeogopa kesho yake huondoka kwa amani, na kweli madaraka yalikabidhiwa Januari 2019. Lakini hoja hiyo yahalalisha kuwepo kwa sheria, si haraka ya kuitunga. Ubaya wa haraka ni kwamba humnyima anayelipa nafasi ya kuuliza atalipa kiasi gani, na kwa muda gani.

Tanzania inatoa mfano wa upande wa pili. Mapema mwaka 2018 Bunge lake liliunganisha mifuko minne ya pensheni. Kanuni zilizofuata zikapunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Neno la kitaalamu, kikokotoo, likawa la vijiweni, kwa kuwa kila mfanyakazi alitaka kukokotoa haki yake mwenyewe. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alizisitisha kanuni hizo hadi 2023.

Tofauti haikuwa katika ujasiri wa watu. Mtanzania aliipinga hesabu aliyoweza kuitaja kwa Kiswahili. Mkongo huletewa sheria kwa Kifaransa, ingawa Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mswada wa pensheni ungesomwa Bangboka kwa lugha ya Bangboka kabla ya kupigiwa kura Kinshasa, haraka ingepungua yenyewe.