Kihisi cha Kamera ya Droni

Kihisi ni bamba dogo la silikoni linalokaa nyuma ya lenzi, likapokea nuru na kuigeuza umeme, kisha umeme ukageuzwa tarakimu ambazo kadi ya kumbukumbu huzihifadhi kama picha. Katika kamera ya droni, hakuna sehemu inayoamua ubora wa picha zaidi kuliko hii, na hakuna inayotajwa kwa mafumbo zaidi katika matangazo ya biashara. Mpiga video wa harusi mjini Bungoma na afisa wa kilimo anayekagua mahindi nje ya Kitale wanaweza kununua droni zenye umbo moja na bei zinazokaribiana, lakini kila mmoja akahitaji kihisi cha namna yake.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi hisi, likavishwa kiambishi cha vifaa kama ilivyo kwa kipimo na kifuniko. Wingi wake ni vihisi. Lina washindani wawili. Wa kwanza ni sensa, umbo lililotoholewa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Kasoro yake ni kwamba sensa ni neno lenye kazi tayari: ni hesabu ya watu, kama ile iliyofanywa Kenya Agosti 2019. Anayesoma “sensa ya droni” ana haki ya kudhani kwamba serikali imeamua kuzihesabu droni. Mshindani wa pili ni kitambuzi, linaloonekana kwenye simu zilizowekwa lugha ya Kiswahili, mathalani katika kitambuzi cha alama ya kidole. Hapo neno limekaa vizuri, kwa kuwa simu kweli hulinganisha kidole na alama iliyohifadhi, ikamtambua mwenyewe. Bamba la kamera halitambui chochote. Haliwezi kutofautisha ng’ombe na jiwe. Linapokea nuru tu, na kutambua ni kazi ya programu inayokuja baadaye. Kwa sababu hiyo kihisi ndilo neno linalofaa kamera, na kitambuzi libaki kwenye kidole.

Hata jina la chombo kinachobeba kamera halijatulia. Baadhi ya magazeti ya Tanzania huandika ndege nyuki, jina zuri kwa yeyote aliyewahi kuisikia ikivuma. Wengine husema ndege isiyo na rubani, ingawa sheria ya Kenya inamtambua rubani huyo na kumdai leseni, tofauti ikiwa ni kwamba miguu yake iko ardhini. Droni ni fupi, linaeleweka Kitale na Zanzibar, na linatosha.

Uso wa kihisi umegawanyika katika mamilioni ya visima vidogo vya nuru. Nuru inapoingia kisimani hufyatua elektroni, na wingi wa elektroni hizo hupimwa kisima kwa kisima. Kihisi cha kwanza cha namna hii kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia miaka 40 baadaye. Aina inayotumika leo kwenye simu na droni, isiyotumia umeme mwingi, iliendelezwa katika miaka ya 1990 na Eric Fossum na wenzake katika maabara ya NASA. Visima havijui rangi. Kila kimoja hufunikwa kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu, kwa mpangilio uliosajiliwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak mwaka 1976, na kijani hupewa nafasi mara mbili kwa sababu jicho la binadamu huona vizuri zaidi katika rangi hiyo.

Kisima kikiwa kipana hukusanya nuru nyingi, na kipimo chake huwa cha kuaminika. Kikiwa chembamba hukusanya kidogo, na kamera hulazimika kuikuza ishara hafifu pamoja na makosa yake. Makosa hayo ndiyo chenga zinazoonekana kwenye picha za jioni. Ni neno la mchele uliovunjika ambalo watazamaji wa runinga walikwisha kulihamishia kwenye kioo zamani, na hakuna haja ya kulitafutia jingine.

Ukubwa wa kihisi hutajwa kwa inchi, na hapa ndipo mnunuzi hupotezwa. Kihisi kiitwacho cha inchi moja hakina inchi moja popote. Upana wake ni milimita 13.2 na kimo chake milimita 8.8, kwa hiyo hata ukikipima kutoka pembe hadi pembe hupati zaidi ya milimita 16. Hesabu hiyo ilirithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za runinga za zamani, ambapo kilichopimwa kilikuwa unene wa mrija kwa nje wala si eneo la picha lililokuwa ndani. Mirija imetoweka, kipimo kimebaki. Kihisi cha 1/2.3, kilichozoeleka kwenye droni ndogo, kina takribani milimita 6.2 kwa 4.6. Kile cha 4/3 kina 17.3 kwa 13. Kwa eneo, cha inchi moja ni karibu mara nne ya cha 1/2.3, na cha 4/3 ni karibu mara mbili ya cha inchi moja. Tangazo lingeandika milimita za mraba, nusu ya mabishano ya madukani yangekwisha.

Uamuzi unaomkabili mnunuzi uliwekwa wazi kabisa mwezi Agosti 2018, kampuni ya DJI ya Shenzhen ilipotoa droni mbili zenye mwili mmoja na kamera tofauti. Mavic 2 Pro ilikuwa na kihisi cha inchi moja chenye megapikseli 20, lenzi isiyovuta, na tundu la lenzi linaloweza kupanuliwa au kubanwa. Mavic 2 Zoom ilikuwa na kihisi cha 1/2.3 chenye megapikseli 12, lakini lenzi yake ilivuta mandhari karibu mara mbili. Pro iliuzwa dola 1,449 nchini Marekani, na Zoom dola 1,249. Modeli zimebadilika tangu wakati huo, ila swali ni lile lile: nuru nyingi zaidi, au uwezo wa kuona kwa mbali?

Kwa mpiga video wa Bungoma, jibu hutegemea saa. Sherehe nyingi huanza kwa kuchelewa, na katika magharibi ya Kenya jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni mwaka mzima. Karibu na ikweta mwangaza wa machweo haudumu. Dakika 20 baadaye ni giza. Kihisi kikubwa kinaweza kufanya kazi katika dakika hizo, wakati kile kidogo kimekwisha kujaa chenga. Faida nyingine huonekana mchana, pale picha moja inapobeba mwangaza mkali na kivuli kizito. Maporomoko ya Nabuyole, karibu na Webuye, yana povu jeupe linalong’aa juani likiwa limezungukwa na miamba na miti yenye giza. Kihisi kidogo kitalazimisha kuchagua: ama povu libaki doa jeupe tupu, ama miamba iwe weusi mtupu. Kihisi kikubwa huhifadhi vyote viwili kwa kiasi cha kutosha kurekebishwa baadaye kwenye kompyuta.

Lenzi inayovuta ina heshima yake katika mikusanyiko. Mchezo unapoendelea katika Uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi, ambao ulikuwa mwenyeji wa Sikukuu ya Madaraka mwaka 2024, droni haina ruhusa wala sababu ya kuning’inia juu ya vichwa vya watu. Inayoweza kusimama pembeni ikavuta tukio karibu ni salama kuliko inayosogea. Kwenye mazishi, umbali huo pia ni adabu: mngurumo wa rafadha wakati wa sala haujawahi kumfariji mfiwa.

Megapikseli ndizo zinazotangazwa kwa herufi kubwa, na ndizo zinazodanganya zaidi. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani megapikseli 8.3 tu, kwa hiyo megapikseli 12 zinaitosha na kubaki. Isitoshe, vihisi vinavyouzwa kwa jina la megapikseli 48, kama kile cha 1/1.3 kilicho kwenye droni ya DJI Mini 3 Pro ya mwaka 2022, hupanga visima vinne vinne chini ya kichujio cha rangi moja. Nuru ikipungua, visima hivyo vinne huunganishwa kuwa kimoja, na picha hurudi kuwa ya megapikseli 12. Ni ubunifu mzuri, kwa kuwa visima vilivyoungana hufikia upana wa vile vya Mavic 2 Pro. Lakini tarakimu ya 48 huwa kweli juani tu, na video ikishapitishwa WhatsApp hadi kwa jamaa walio Nairobi, hata zile 8 hazifiki zote.

Kitale mambo hugeuka, kwa sababu huko picha ni kipimo. Mji huu ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari ndio makao ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, na mahindi chotara ya 611 yaliyotolewa mwaka 1964 yalitokana na utafiti uliofanywa hapo. Mkaguzi wa shamba hauulizi uzuri wa picha. Anauliza pikseli moja inafunika sentimita ngapi za ardhi. Jibu hupatikana kwa kuzidisha upana wa kihisi kwa kimo cha droni, kisha kugawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi mara idadi ya pikseli za upana wa picha. Mavic 2 Pro ikiwa mita 100 juu ya shamba, pikseli moja ni takribani sentimita 2.4, na picha moja hufunika ekari 2.7 hivi. Zoom katika kimo hicho hicho, lenzi ikiwa haijavuta, hutoa sentimita 3.6. Ikivuta hadi mwisho hushuka hadi 1.8, ikaipita hata Pro, ila kila picha hufunika robo ya eneo la awali, hivyo kazi ya saa moja hugeuka ya betri nyingi.

Sentimita 2.4 zinatosha kuhesabu miche iliyoota na kuona mapengo kwenye mistari. Hazitoshi kwa kazi ngumu ya mashamba ya mbegu, ambako mimea ya kike hung’olewa maua ya kiume kileleni ili isijichavushe yenyewe. Tawi moja la ua hilo halifikii sentimita moja kwa unene. Kuliona, Pro hushushwa hadi mita 30, ambapo pikseli hupungua kuwa milimita 7.

Kuna sifa nyingine ambayo wapimaji huijali na wapiga harusi huisahau: jinsi kihisi kinavyosomwa. Vihisi vingi husoma visima mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Usomaji ukichukua sehemu moja ya thelathini ya sekunde na droni ikienda mita 10 kwa sekunde, mstari wa mwisho hunaswa droni ikiwa imesogea sentimita 33 kutoka ilipokuwa kwenye mstari wa kwanza. Jicho halitaliona hilo, lakini programu ya kuunganisha picha kuwa ramani italiona. Phantom 4 Pro ya mwaka 2016 ilipendwa na wapimaji kwa kuwa ilikuwa na kifungio cha kimitambo kinachoikata nuru kwa kihisi chote kwa pamoja. Asiye na kifungio hicho hana budi kuruka polepole.

Kwa maradhi ya mimea, kihisi cha rangi tatu hufika kikomo chake. Jani lenye afya hufyonza nuru nyekundu na kurudisha kwa wingi nuru ya infraredi iliyo jirani, ambayo jicho haliioni na ambayo kamera za kawaida huizuia makusudi kwa kichujio. Jani likianza kuumia, uwiano huo huvurugika, mara nyingi kabla ya manjano kuonekana. Droni za kilimo kama Mavic 3 Multispectral ya mwaka 2022 zina vihisi vinne vya ziada, kila kimoja kwa ukanda wake wa nuru, vyenye megapikseli 5 tu kila kimoja. Uchache huo haudhuru kitu. Hata hivyo, ramani inayopatikana huonyesha mahali mahindi yanapoteseka, haisemi kinachoyatesa. Viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017, upungufu wa naitrojeni na maji yaliyotuama vinaweza kuchora doa la namna moja, na mtu bado ataingia shambani kwa miguu kufunua majani.

Urefu wa Kitale kutoka usawa wa bahari huathiri uchaguzi kwa njia ya pembeni. Hewa yake ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya tano kuliko ya pwani, rafadha huzunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito ule ule, na muda wa kuruka ulioandikwa sandukuni hupungua. Kihisi kikubwa hudai lenzi kubwa, na lenzi kubwa ni uzito. Droni ndogo ya Mini 2, yenye gramu 249, imewekewa na mtengenezaji kikomo cha mita 4,000 juu ya bahari, chini ya vilele vya Mlima Elgon vinavyoonekana kutoka mjini.

Kanuni za Kenya za mwaka 2020 hazijali ukubwa wa kihisi. Hupanga matumizi ya droni kwa kiwango cha hatari, hutaka chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na huweka kimo cha futi 400, karibu mita 120, kikihesabiwa kutoka ardhini palipo na droni. Katika kimo hicho pikseli ya Mavic 2 Pro hufunika sentimita 2.8 za ardhi, Bungoma sawasawa na Kitale.