Mfereji wa Sensa na Kishikio: Cheki Hii Kabla Utoe Doo

Ile mifereji ya mall unaijua: unaweka mikono chini, maji yanakuja yenyewe. Siku hizi kuna ya keja yenye sensa na kishikio pamoja.

Inafanya kazi aje? Jicho la sensa linatoa mwanga usioonekana. Mwanga ukigonga mikono yako ukarudi, valvu ndogo ya umeme inafunguka. Ukitoa mikono, inajifunga. Ukiwa umejaa unga wa chapo, hushiki kitu. Ukitaka kujaza sufuria, unatumia kishikio.

Sasa noma iko hapa. Kwa mingine, kishikio kina njia yake ya maji, so stima ikipotea ama betri ikiisha, bado unapata maji. Kwa mingine, maji yote yanapitia ile valvu na kishikio ni cha kuongeza na kupunguza tu. Betri ikikufa, umekauka.

Kwa duka usiulize bei pekee. Uliza: "Bila betri, maji yatatoka?" Halafu fundi akimaliza kufunga, toa betri ufungue kwa mkono. Maji yakikataa, usimlipe bado. Na kama maji yako ni ya tanki, mwambie aweke chujio, juu mchanga huziba hiyo valvu.