Kihisi cha Oksijeni: Historia ya Kifaa na Jina Lake

Fundi wa magari wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, akisema "sensa imekufa", mwenziwe humwelewa. Lakini mtumishi wa serikali akiandika "sensa ya magari", msomaji atadhani magari yanahesabiwa. Kwani neno hilo lina kazi yake tangu zamani, nayo ni kuhesabu watu, kama ilivyofanyika mwaka 1967 na hata 2022. Yafaa basi tuitazame historia ya kifaa kabla ya kukichagulia jina.

Mwaka 1962 wataalamu wa Japani, akiwamo Tetsuro Seiyama, walionyesha kwamba oksidi ya zinki iliyopashwa moto hubadili ukinzani wake wa umeme ikutanapo na gesi. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilitoa kihisi cha oksijeni kwa bomba la moshi la magari ya Volvo. Hicho kilitumia oksidi ya zirkoni, ambayo huzalisha volteji yenyewe. Katika miaka ya 1980 vikaingia magarini vihisi vya oksidi ya titani. Hivi havizalishi umeme, bali ukinzani wake hupanda oksijeni inapoongezeka moshini. Huku kwetu vifaa hivyo vilichelewa kufaa, kwa sababu petroli yenye risasi huviharibu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha ilipoanza 2006.

Oksidi ya titani ina ila moja: halijoto ikipanda, ukinzani hushuka, hata kama oksijeni haikubadilika. Ndipo kikaunganishwa kwa mfululizo kikinzani cha pili, kinachofuata halijoto bila kuijali sana oksijeni. Vyote viwili hubadilika pamoja kwa joto, na volteji ya katikati hubaki ishara ya oksijeni.

Kwa hiyo twapendekeza "kihisi cha oksijeni chenye fidia ya halijoto". "Kihisi" chatokana na "hisi". "Halijoto" ni kipimo, si joto lenyewe. Wapo watakaosema kwamba "fidia" ni malipo ya shamba lililotwaliwa. Naam, na hapa pia kilichotwaliwa hurudishwa: joto hupunguza, kikinzani cha pili hulipa. Fundi wa Unyambwa akilisoma jina hilo atajua kwamba vikinzani ni viwili, wala hataisingizia oksijeni kosa la joto.