Teta, Guna na Nung'unika: Vitenzi vya Sauti ya Chini katika Kiswahili cha Eastlands

Vitenzi vya kusema kwa sauti ya chini hubeba mambo matatu: kiwango cha sauti, kuwepo kwa maneno, na nia ya msemaji. Nong'ona hutaja sauti; kinachonong'onwa chaweza kuwa siri, sala au neno la mapenzi. Guna hutaja mlio usio na neno. Nung'unika hutaja nia, yaani kutoridhika, ingawa sauti kwa kawaida huwa ya chini. Kwa upande wa Kiingereza, Beth Levin (1993) aliviweka whisper, murmur, mutter na mumble katika kundi moja la vitenzi vya namna ya kusema, kundi ambalo Arnold Zwicky alikwisha kulichunguza mwaka 1971. Kigezo cha namna peke yake hakitoshi kuvipanga vitenzi vya Kiswahili, na kitenzi kinachoonyesha upungufu huo waziwazi ni teta.

Magazeti ya Tanzania yanapoandika kwamba kiongozi ameteta na mgeni wake, msomaji huelewa kuwa wamezungumza faraghani. Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, kuanzia Jericho na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, anayeteta analalamika, tena mara nyingi kwa sauti ya kusikika. Wapo wanaoshikilia kwamba tofauti hii ni uharibifu ulioletwa na Sheng, lugha ya mseto ya mitaani Nairobi: neno la faragha limegeuzwa kuwa neno la kelele. Kwamba Sheng ina mizizi Eastlands si jambo la kubishaniwa sana, na wataalamu kama Abdulaziz na Osinde (1997) na Githiora (2018) wameieleza kwa kina. Lakini kuihusisha Sheng na kila tofauti ya matumizi ya Nairobi ni uvivu wa uchunguzi, na katika suala la teta dai hilo halisimami.

Ushahidi mzito umo katika mnyambuliko. Kutokana na teta hupatikana tetea, na kutokana na tetea hupatikana mtetezi na utetezi. Maneno haya ni ya Kiswahili sanifu, hutumika mahakamani na bungeni kutoka Mombasa hadi Dodoma, wala hakuna anayeyahesabu kuwa ya Sheng. Kumtetea mtu ni kushindana kwa maneno kwa ajili yake. Maana hiyo haiwezi kuzaliwa na kitenzi cha kunong'ona wala cha kusengenya. Inahitaji kitenzi cha kubishana waziwazi. Kwa upande mwingine liko neno tetesi, yaani habari za chinichini, ambalo yaelekea limetokana na ule upande wa siri. Basi shina moja limebeba maana mbili: ugomvi wa wazi na maneno ya faragha. Tanzania imeikuza ya pili, Nairobi ikaikuza ya kwanza. Hata kanuni za unyambuaji zimehifadhiwa Eastlands: mkazi wa Kayole huteta juu ya ukosefu wa maji, lakini akimtetea jirani, anamkinga. Hachanganyi kauli hizo mbili.

Hoja pinzani yenye uzito zaidi ni kwamba teta imemeza vitenzi vingine. Mfano wa matatu ya nambari 58 iendayo Buruburu unaonyesha vinginevyo. Mvua inanyesha, na kondakta anatangaza nauli iliyopanda. Abiria wanaguna. Mmoja anateta: "Jana tulilipa pesa ngapi?" Wawili wa kiti cha nyuma wananong'onezana. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi. Husemwa kwamba abiria wameteta kwamba nauli imepanda. Haisemwi kwamba wameguna kwamba nauli imepanda, kwa sababu mguno hauna maneno ya kuripotiwa. Nung'unika nayo hukubali kufuatwa na neno “kwamba”, na haijatoweka: msomaji wa Biblia huijua kutokana na safari ya Waisraeli jangwani, walipomnung'unikia Musa.

Nafasi ya faragha iliyoachwa na teta nayo haikubaki tupu. Mambo ya siri Nairobi husemwa kuwa yanafanywa “chini ya maji”, na anayetakiwa kupunguza sauti huambiwa aongee polepole. Malalamiko yasiyokoma huitwa kulialia, kwa uradidi ambao ni wa Kiswahili chenyewe.

Huenda vitenzi vingine vya Nairobi vikahitaji maelezo tofauti, lakini teta ya Eastlands ni Kiswahili kilichochagua moja kati ya maana zake. Mwalimu anayeikata kwa kalamu nyekundu anakata maana iliyozaa neno mtetezi. Watunzi wa kamusi na wasahihishaji wa mitihani wanapaswa kuzipa maana zote mbili hadhi sawa, kila moja ikitajwa pamoja na mahali inapotumika.