Nani Aliruhusiwa Kusema kwa Mikono?

Siku hizi ukiingia mtandaoni hukosi video ya mtoto wa miezi kumi hivi akigonganisha ncha za vidole kuomba aongezewe uji. Kusema bado, lakini mama ameshamwelewa. Watu wanaipenda, wanaisambaza. Mimi pia naipenda, ila kila nikiiona nakumbuka mji wa Milan, mwaka 1880.

Septemba ya mwaka huo walimu wa viziwi kutoka Ulaya na Marekani walikutana pale, wakapiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa mdomo, si kwa ishara. Wapiga kura karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Wajumbe wa Marekani walipinga, wakazidiwa. Basi katika shule nyingi ishara zikafukuzwa darasani. Watoto wakafundishwa kusoma midomo na kutamka maneno wasiyoyasikia, na wengine waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Hoja kubwa ilikuwa kwamba mtoto akizoea ishara hatajishughulisha kusema.

Mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Gallaudet, Washington, alipochapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani ni lugha kamili, yenye mpangilio wake. Hata pale chuoni wapo waliomwona anapoteza muda.

Watoto wachanga wanaosikia waliingia katika habari hii baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Linda Acredolo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alimwona binti yake mdogo akivuta pumzi puani, kama anayenusa, kila alipotaka kusema "ua". Hakuna aliyemfundisha, alijitungia. Acredolo na mwenzake Susan Goodwyn wakalifanyia utafiti jambo hilo, na mwaka 1996 wakatoa kitabu, Baby Signs. Joseph Garcia naye alikuwa ameona kwamba watoto wanaosikia wa wazazi viziwi huanza kuwasiliana mapema, akahimiza wazazi watumie ishara za viziwi wenyewe. Haikuchukua muda, ikawa biashara: madarasa, kadi, video, na ahadi kwamba mtoto atakuwa na akili zaidi.

Msingi wake si uongo. Mtoto huweza kuutawala mkono kabla ya ulimi. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi wanaolelewa kwa ishara huwa na "ba-ba-ba" yao ya vidole, kama wenzao wanavyofanya kwa sauti. Ila zile ahadi ndizo zilizopwaya. Mwaka 2013 Elizabeth Kirk na wenzake, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 40 na mama zao. Waliofundishwa ishara hawakuwazidi wenzao kwa lugha. Hawakuchelewa pia. Kilichobadilika ni mama: walikuwa wepesi zaidi kusoma anachotaka mtoto.

Hapo kwenye "hawakuchelewa" ndipo ninaposimama. Hofu iliyoongoza kura ya Milan haikuonekana kwa watoto hawa. Lakini angalia nani alinufaika kwanza. Mtoto anayesikia, ambaye maneno yangemjia tu, alipewa ishara kama zawadi. Mtoto kiziwi, ambaye kwake ishara ndiyo njia iliyo wazi ya kuipata lugha mapema, alinyimwa kwa vizazi kadhaa.

Mambo yamesogea. Mwaka 2010 kongamano la elimu ya viziwi lililofanyika Vancouver lilikataa rasmi maazimio ya Milan. Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ni hatua kubwa, lakini mtoto haanzi maisha yake bungeni. Anaanza mikononi mwa mama, na kwa kawaida mama huyo anasikia: Marekani, zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi wana wazazi wanaosikia. Kwa hiyo lazima mzazi ajifunze kwanza, tena haraka.

Mzazi wa mtoto anayesikia akiacha ishara baada ya wiki mbili, hakuna kilichoharibika. "Mama" na "maji" yatakuja. Akiacha mzazi wa mtoto kiziwi, mtoto anaweza kufika shule hana lugha yoyote. Tukiwashangilia wale wa kwenye video, tuulize pia nani anamfundisha mama huyu wa pili.