Rubani Alitoka Baharini: Maneno ya Ndege Ndogo, toka Pwani hadi Usambara

Swali lililozaa makala haya lilitoka Lushoto. Kijana mmoja mwenyeji wa huko, anayesomea ufundi wa ndege, alituletea karatasi ya maelekezo ya Kiswahili waliyogawiwa wasaidizi wa karakana pamoja na wanafunzi wa urubani. Ofisi iliyoitoa siitaji. Palikuwa na sentensi moja aliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu: “Ndege ikizimika angani, rubani asiinue pua.” Aliuliza: ni nini kilichozimika? Kwa maana yeye alivyosoma, kilichozimika ni injini, na injini iliyozimika huwashwa tena. Lakini kitabu cha Kiingereza kilikuwa kinazungumzia bawa.

Nitalirudia swali hilo mwishoni, kwa kuwa haliwezi kujibiwa vema kabla ya kutazama jinsi maneno ya ndege yalivyotufikia.

Neno lenyewe la ndege ni la kale, na kabla ya kubeba abiria lilikwisha beba mengi. Mbali na kiumbe mwenye manyoya, wazee waliita ndege ile dalili ya heri au ya shari inayomkuta msafiri njiani. Wakasema ndege njema na ndege mbaya. Chombo cha kurukia kilipozuka, baadhi ya watu walikiita eropleni, wengine ndege ulaya. Majina hayo yote mawili yamechakaa, na kilichotuokoa ni sarufi. Twasema ndege huyu ametua mtini, na ndege hii imetua kiwanjani. Upatanisho wa kisarufi umefanya kazi ambayo kivumishi “ulaya” kilikuwa kikiifanya kwa jasho. Sijui istilahi nyingine iliyopatikana kwa gharama ndogo namna hii.

Rubani naye alitoka baharini. Ndiye mjuzi wa njia za maji, aelekezaye chombo penye miamba na mikondo. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alipompa Vasco da Gama mtu wa kumfikisha Kalikuti, alimpa rubani kwa maana hiyo hasa. Nahodha ana chombo na mabaharia. Rubani ana njia. Wasemaji walipompandisha rubani angani walimwacha nahodha pwani, nami naona walichagua vizuri, kwa sababu katika ndege ndogo kazi kubwa ni kuijua njia.

Usukani haukubahatika hivyo. Kwa mabaharia, usukani ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokata maji, na kishikio chake huitwa kana. Motokaa ilipokuja, jina likahama kutoka nyuma likaenda mbele, likawa gurudumu la mkononi mwa dereva. Katika ndege maana hizo mbili zinagongana: mkiani kuna usukani wa kale, unaosukumwa kwa miguu, mbele ya rubani kuna kishikio kinachogeuza ncha za mabawa na kuinua au kushusha pua. Mwalimu akimwambia mwanafunzi “geuza usukani”, ageuze upi? Rai yangu ni kwamba usukani ubaki mkiani ulikozaliwa, na kile cha mkononi kirudishiwe jina la kana. Najua watakaocheka. Neno halifi kwa kuchekwa, hufa kwa kukosa kazi.

Sasa historia yenyewe. Ndege iliyoingia Dar es Salaam mwaka 1914 haikuwa ya serikali. Ilikuwa mali ya Mjerumani Bruno Büchner, aliyeileta kwa maonyesho yaliyokusudiwa kufanyika Agosti mwaka ule. Vita vikayatangulia maonyesho, jeshi likaichukua, nayo ikaharibika mapema. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa tofauti. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, aliyeajiriwa kuitafuta kutoka angani alikuwa raia wa Durban, H. D. Cutler, aliyekuja na ndege ya kutua majini iliyokuwa mali ya mtu binafsi. Cutler aliiona manowari ile mnamo Novemba 1914. Mwezi uliofuata ndege ikamwangusha mikononi mwa adui. Lakini kisa cha kumpendeza fundi ni kile cha rejeta. Rejeta ya ndege ilipovuja, meli ilitumwa Mombasa kutafuta nyingine, na iliyopatikana ilikuwa ya motokaa ya Ford. Hivyo tangu mwanzo ndege na motokaa zilichangiana vipuri katika pwani yetu, na si ajabu zikachangiana maneno.

Juni 1916 vita vilifika milimani. Majeshi ya Smuts yaliteremka na bonde la Pangani yakifuata reli ya Usambara. Mombo ikatwaliwa, kisha Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Ndege za kikosi cha 26 zilitangulia mbele yao kupeleleza. Zilikuwa za mbao na vitambaa, na joto, unyevu na mchwa viliziumiza kuliko risasi.

Baada ya vita ukaja wakati wa ndege za watu binafsi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake Nairobi kwa ndege ndogo, na katika miaka iliyofuata ndege zake zilifika Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mei 1931 Denys Finch Hatton, aliyekuwa na ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth, alianguka Voi mara tu baada ya kuruka. Vitabu vimeandikwa juu yake. Aliyekufa pamoja naye, mtumishi wake Kamau, hutajwa kwa mstari mmoja, mara nyingine pasipo jina. Msamiati wetu wa ndege umetokana zaidi na watu wa aina ya Kamau: waliopakia mizigo, waliosukuma ndege bandani, waliozungusha rafadha kwa mikono ili injini iwake. Wenye ndege waliandika kumbukumbu zao kwa Kiingereza. Hawa waliiita rafadha pangaboi, kwa jina la feni ya darini, nalo neno hilo ni la Kihindi kwa asili.

Mwaka 1957 madaktari watatu, mmoja wao Michael Wood aliyekuwa na shamba Ol Molog karibu na Kilimanjaro, walianzisha huduma ya madaktari warukao. Hapo ndege ndogo ilipata maana nyingine kwa watu wa vijijini, na neno kiwanja likatoka mjini: kijiji kilifyeka majani, kikang'oa visiki, kikawa na kiwanja cha ndege.

Katika utunzaji tuna upungufu. Ndege haihesabiwi maili, huhesabiwa saa za kuruka. Zikitimia 50 au 100 hukaguliwa, na kila mwaka hukaguliwa upya hata kama haikuruka. Kila kilichofanywa huandikwa daftarini, na mwenye kununua ndege hununua daftari pamoja nayo. Neno “matengenezo” halitoshi hapa, kwani hutengenezwa kilichoharibika. Mimi napendelea matunzo. Asubuhi, kabla ya kuruka, mafuta kidogo hutolewa chini ya tangi na kutazamwa kama yana maji, kwa sababu baridi ya usiku hugeuza unyevu wa hewa ya tangini kuwa matone. Kitendo hicho hakina jina la Kiswahili lililokubaliwa, ingawa uhai wa watu huutegemea. Rejeta, kwa upande wake, imekosa kazi: injini za ndege ndogo nyingi za leo hupozwa na upepo.

Tuje Usambara, au Shambaai kama wenyewe wasemavyo. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupungukiwa karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Bawa nalo hutaka mwendo mkubwa zaidi kabla ya kuinuka. Wakati wa kusi upepo wenye unyevu hupanda mlima na kuufunika ukungu, kisha ukivuka kilele huteremka kwa nguvu na kuisukuma ndege chini. Baharia alikuwa na matlai na umande. Upepo huu uteremkao hakuujua. Napendekeza pepo za mteremko, mpaka Wasambaa watupe jina bora.

Ni katika upepo wa namna hiyo rubani aonapo mlima umemkaribia, akavuta kana ili ainue pua. Bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wake, na bawa huacha kubeba, hata kama injini inanguruma kwa nguvu zote. Waingereza hutumia neno moja kwa bawa hilo na kwa injini iliyokufa, na mfasiri wa ile karatasi alichukua maana asiyoijua ndege. Msomaji wake akisikia injini ikinguruma ataamini kwamba hajapatwa na lolote.

Katika kikao chetu ilipendekezwa “bawa kukosa kani ya kuinua”. Ni sahihi, lakini ni refu mno kwa mtu aliyebakiwa na sekunde chache. Mwenzetu mmoja akasema bawa huzirai. Wengine walicheka, mimi sikucheka: aliyezirai hulazwa, kichwa kikawa chini, akapata nafuu, na bawa hilo huponywa kwa kushusha pua. Nilimwandikia kijana wa Lushoto nikamweleza hoja hiyo. Alijibu kwamba ameisoma kwa wenzake watano karakanani, na wanne walijua la kufanya kabla hajamaliza kueleza. Wa tano aliuliza kama rubani naye amezirai. Tumeliandika “bawa kuzirai”, pamoja na swali la huyo wa tano, kwa kikao kijacho cha kamati ya istilahi.