Ikiisha, Unafanyaje?

Mzee mmoja wa Ntalikwa aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijalimaliza. Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora. Nilikuwa napita kuelekea Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone ambalo sasa ni makumbusho, nikakaribishwa kivulini. Tukaanza habari za bunduki za zamani. Nikatoa simu, nikamwonesha picha ya Winchester ya mwaka 1866, ile ya ubavu wa shaba.

"Hii, babu, ina wenzo hapa chini kwenye triga. Unausukuma, ganda linatoka. Unaurudisha, risasi nyingine imeshaingia. Unapiga zaidi ya kumi bila kushindilia."

Akaitazama kwa muda. Marehemu baba yake alikuwa na gobore, likasalimishwa polisi miaka mingi iliyopita.

"Ikiisha, unafanyaje?"

"Ikiisha nini?"

"Risasi."

Wapenzi wa bunduki za namna hii hubishana sana kuhusu kaliba: ipi ya kuwindia, ipi ya kulengea shabaha kwa kujifurahisha. Hubishana kwa vipimo vya inchi na uzito. Mzee alianzia upande wa pili kabisa, na nikirudi kwenye historia ya Tabora naona ndiye aliyeanzia mahali sahihi.

Tuanze na mwandishi wa habari mwenzangu. Mwishoni mwa Machi 1871, Henry Morton Stanley wa New York Herald aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akafika Tabora mwezi Juni. Orodha ya silaha zake ameichapisha mwenyewe. Imo Winchester moja na Henry moja, zote za wenzo, alizoziita bunduki za risasi kumi na sita. Imo bunduki ya tembo ya kiume hasa, ambayo ratili moja ya risasi hutoa golole nane tu. Zimo nyingine chache za kisasa. Halafu zipo 24 za gumegume, zile za kushindilia baruti mdomoni na kuwasha kwa cheche ya jiwe. Ukiisoma orodha hiyo taratibu unaona na ngazi za watu: za kisasa ni za bwana na wachache wa karibu, za gumegume ni za askari wa msafara.

Hapo Stanley alifanya jambo moja la busara, kwa kujua au kwa bahati. Henry na Winchester ya 1866 zilitumia risasi ileile, ya .44. Sanduku moja lililisha bunduki mbili. Wamarekani waliipenda hesabu hiyo: Winchester ya 1873 ilipokuja na risasi mpya ya .44-40, kampuni ya Colt baadaye ikatengeneza bastola ya risasi hiyohiyo, mtu akatembea na mkanda mmoja.

Lakini ile .44 ya mwanzo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni nguvu. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 13 au 14, ikisukumwa na baruti isiyofika gramu mbili. Golole la ile bunduki ya tembo lilikaribia gramu 57, yaani mara nne. Na upana usikudanganye. Leo kanuni zetu za uwindaji hudai kaliba ya .375 kwenda juu kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Ukitazama namba tu utasema .44 imepita, maana ni milimita 11 na .375 ni milimita 9.5. Kumbe .375 ya Holland & Holland, iliyotoka 1912, hubeba risasi ya gramu 19 kwa mwendo unaozidi mara mbili ule wa .44 ya Stanley. Nishati yake ni karibu mara saba. Kipenyo ni upana wa mlango tu, hakikwambii anayeingia ana nguvu gani.

Kasoro ya pili ndiyo ya mzee. Ile .44 ilikuwa na kiwashio ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Ukishapiga, ganda limekufa, hulijazi tena. Na Tabora ya 1871 hakukuwa na duka la kuuza jingine. Kwa hesabu yangu, risasi elfu moja zilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi, zaidi ya frasila moja, yaani nusu ya mzigo wa mpagazi kwa safari ya karibu miezi mitatu. Kila risasi iliyopigwa Unyanyembe ilikuwa imebebwa kichwani au begani kwa Mnyamwezi kutoka pwani.

Gumegume je? Ililenga vibaya, ilifuka moshi, na mvua iliishinda. Ila ilikula chochote kilichopita mdomoni: risasi, kipande cha chuma, hata changarawe. Tunapomwona mtu wa kale na gobore tunadhani alikosa akili ya kuchagua. Mimi nadhani alijua hesabu yake.

Lugha yenyewe inakumbuka. Kwetu risasi ni jina la ile metali laini na pia la kile kinachotoka mtutuni, kwa sababu kimoja kilikuwa kingine: unayeyusha, unamimina kwenye kalibu, unapata. Na wataalamu wengi wa lugha husema neno la Wazungu tulilolipokea kama kaliba lilitoka kwenye Kiarabu qalib, yaani kalibu hiyohiyo. Zamani kaliba yako ilikuwa kifaa chako, ulikuwa nacho nyumbani.

Agosti 1871 Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita dhidi ya Mirambo wa Urambo. Waliuteka mji wa Zimbizo. Stanley akabaki anaumwa homa, wenzake wapatao mia tano wakaenda Wilyankuru, wakateka pembe na watumwa. Walipokuwa wanarudi na mizigo, watu wa Mirambo walikuwa wamelala kwenye majani marefu pande zote mbili za njia. Wengi wao wakauawa hapo. Baadaye mwezi huohuo Mirambo aliivamia Tabora, na Stanley kule Kwihara akatoboa matundu ya kupigia bunduki kwenye kuta za tembe. Kwenye majani marefu, aliyechagua mahali alimshinda aliyechagua bunduki.

Mwaka 1876 Stanley na Mirambo wakachanjiana udugu. Stanley akampa ndugu yake mpya bastola na risasi 200. Zawadi nzuri. Lakini ni zawadi inayohesabika: ukipiga ya 200, ndugu yako yuko wapi?

Kisha uamuzi ukatoka mikononi mwa watu kabisa. Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya utumwa. Ndani yake walizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa watu wa ndani, tena kwa masharti, ni gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Wasafiri wenye dhamana ya serikali zao waliweza kupata kibali cha nyingine. Nia iliyoandikwa ilikuwa njema, na utumwa ulikuwa janga la kweli. Ila matokeo ni kwamba kaliba ya Mwafrika ilichaguliwa Ubelgiji, katika miaka ileile ambayo Ulaya ilikuwa inagawana nchi yake.

Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe. Isike aliingia kwenye ghala lake la baruti na kulilipua, yeye akiwa ndani. Baruti alikuwa nayo.

Miaka 16 baadaye, Aprili 1909, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa na Winchester ya 1895, ya wenzo, kaliba ya .405. Aliipenda sana kwa simba. Kwa tembo alikuwa na bunduki nzito ya mitutu miwili kutoka Uingereza, na kwa swala nyingine nyepesi. Alichagua kwa mnyama, kwa sababu suala la risasi kwisha halikumhusu.

Kwa hiyo msomaji ukiniuliza leo kaliba ipi ya bunduki ya wenzo, jibu la vitabuni ninalo: .357 kwa shabaha, .30-30 kwa mnyama wa wastani, .45-70 kwa mzito zaidi. Nilimpa mzee jibu hilohilo, na habari ya Isike nikaongeza. Ya Isike alikuwa anaijua. Akaniuliza tena:

"Hizo, moja shilingi ngapi?"

Nilikuwa na miaka yote, vipenyo vyote na gramu zote. Bei sikuwa nayo.